Taifodi Ipi? Salmonella Kati ya Banda la Kuku, Bomba la Maji na Maabara

Mgonjwa anayetoka kwenye maabara ya mtaani, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mara nyingi hubeba karatasi yenye majibu mawili kwa mpigo: malaria na taifodi. Anapewa antibayotiki ya sipro, homa inatulia, na baada ya miezi michache anarudi na karatasi kama ileile. Jirani anamwambia taifodi haiponi, imeshaingia kwenye damu. Mwingine anamshauri aache mayai na kuku wa kisasa, kwa sababu amesikia kwamba Salmonella anatoka kwa kuku. Mfugaji naye anafungua kitabu cha ufugaji na kukuta kuna ugonjwa unaoitwa homa ya matumbo ya kuku, akabaki akijiuliza kama ndio huohuo unaowalaza wanawe. Tangu chanjo ya taifodi ianze kutolewa kwa watoto katika ukanda huu, limeongezeka swali jingine: mbona aliyechanjwa ameambiwa tena ana taifodi?

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo chake ni kimoja. Neno moja linabebeshwa vimelea ambao hawaishi mahali pamoja, hawaenezwi kwa njia moja wala hawazuiliki kwa dawa moja. Ndiyo maana wataalamu nao hawaafikiani pa kuanzia: wapo wanaosema tuanze bandani, wapo wanaosema maji na vyoo, na wengine wanategemea chanjo. Kila upande una ushahidi wa kweli mkononi. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba pande zote tatu zitaendelea kupotea njia mpaka jambo la nne, ambalo halina watetezi wengi, litakapotengenezwa: namna tunavyomtambua bakteria aliye ndani ya damu ya mgonjwa.

Ukoo mmoja, tabia tofauti

Salmonella amepewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa aliyemwona mwaka 1885 ni msaidizi wake Theobald Smith, alipokuwa akichunguza nguruwe waliokuwa wakifa kwa maradhi. Baadaye ilikuja kubainika kwamba maradhi yale ya nguruwe yaliletwa na kirusi, na bakteria alikutwa tu ndani ya miili iliyokwisha kudhoofika. Kosa hilo la mwanzo linafaa kukumbukwa, kwa maana tutakutana nalo tena: kuona dalili ya bakteria kwa mgonjwa hakutoshi kuthibitisha kwamba ndiye aliyemlaza kitandani. Kufikia wakati huo bakteria wa taifodi ya binadamu alikuwa ameshaonekana. Karl Eberth alimwona mwaka 1880, na Georg Gaffky akafaulu kumwotesha maabara mwaka 1884.

Leo zinajulikana serotaipu, yaani aina ndogondogo, zaidi ya 2,500 za Salmonella, lakini kwa mjadala wetu zinatosha chache. Ya kwanza ni Typhi, ambaye huishi kwa binadamu peke yake. Hakai kwa kuku, ng'ombe wala nguruwe. Hutoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia kinywani mwa mtu mwingine kwa njia ya maji, chakula au mikono, na anaweza kujificha kwenye mfuko wa nyongo wa mtu aliyepona kwa miaka mingi bila kumuumiza. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907, alihusishwa na ugonjwa wa watu takriban 50 ilhali yeye mwenyewe alijiona mzima. Kundi la pili ni Typhimurium na Enteritidis, wanaoishi kwenye utumbo wa wanyama wengi na kumfikia binadamu kupitia nyama, mayai na maziwa. Huko Ulaya na Marekani hawa humletea mtu tumbo la kuhara la siku chache. Wa tatu ni Gallinarum, mwenye kusababisha homa ya matumbo ya kuku. Huyo huua kuku kwa wingi na ni nadra mno kumdhuru binadamu. Kwa hiyo mfugaji aliyeuliza swali pale mwanzo ana jibu: ugonjwa wa kuku wake na taifodi ya mtoto wake vimekutana kwenye jina, havikukutana kwenye njia ya kuambukiza.

Lingekuwa jambo rahisi kama lingeishia hapo. Barani Afrika, Typhimurium na Enteritidis wamekuwa na tabia nyingine. Badala ya kubaki tumboni huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye utapiamlo, malaria kali au selimundu, na watu wazima wenye VVU wasiotumia dawa. Mara nyingi mgonjwa haharishi kabisa. Ana homa, ana upungufu wa damu, anapumua kwa shida, na kwa macho hawezi kutofautishwa na mgonjwa wa malaria. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2017 yaliweka wagonjwa wa aina hii 535,000 duniani na vifo 77,500, sehemu kubwa ya vifo hivyo ikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huohuo taifodi na paratifodi vilikadiriwa kuwapata watu milioni 14.3 na kuua 135,900. Ukilinganisha tarakimu hizo utaona kwamba ugonjwa ambao hauna hata jina la Kiswahili la kuzoeleka humuua mgonjwa mmoja katika kila saba hivi, wakati taifodi tunayoitaja kila siku huua mmoja katika kila mia.

Mwaka 2009 watafiti walisoma jenomu ya Typhimurium aliyetolewa kwenye damu ya mtoto Malawi. Aina hiyo, inayoitwa ST313, ilikuwa imeharibikiwa na jeni kadhaa, kama ilivyomtokea Typhi zamani alipoachana na wanyama na kujifunga kwa binadamu, na kama ilivyomtokea Gallinarum alipojifunga kwa ndege. Bakteria anayehamia makao mamoja huacha kutumia jeni za kuishi kwingine, nazo huoza. Ishara hiyo haithibitishi kwamba ST313 amekwisha kuwa wa binadamu peke yake, lakini inaleta shaka nzito juu ya dhana kwamba kila Salmonella asiye Typhi lazima ametoka kwa kuku.

Wanaoanzia bandani

Wanaotaka tuanze na mifugo wana historia nzuri ya kusimamia. Uingereza ilikumbwa na mlipuko wa Enteritidis kwenye mayai mwishoni mwa miaka ya 1980. Wazalishaji walianza kuwachanja kuku wa mayai na kuweka alama ya ubora kwenye mayai yao tangu mwaka 1998, wagonjwa wakapungua sana, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo iliruhusu hata wajawazito na wazee kula mayai yenye alama hiyo bila kuyaivisha sana. Pale ambapo bakteria anatoka bandani kweli, kusafisha banda kunaokoa watu.

Hoja yao ya pili ni dawa. Kwenye maduka ya pembejeo, oksitetrasaiklini na enrofloksasini hununuliwa bila cheti. Dawa huchanganywa kwenye maji ya vifaranga wasiougua, na mayai ya kuku walio kwenye dozi hupelekwa sokoni bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Enrofloksasini ni ndugu wa karibu wa sipro tunayomeza, na bakteria aliyezoeshwa ile ya kuku hatasumbuliwa sana na ya binadamu. Marekani iliondoa enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia mwaka 2006. Tena usugu haubaki kwa bakteria mmoja. Taifodi sugu iliyoibuka jimbo la Sindh, Pakistani, mwaka 2016, ambayo haisikii dawa ya sindano ya seftriaksoni, ilibeba kipande cha vinasaba kinachofanana na kile kinachopatikana kwa E. coli wa kawaida wa utumboni. Maana yake ni kwamba Typhi, ambaye hajawahi kukanyaga bandani, anaweza kuazimwa silaha na bakteria wengine anaokutana nao tumboni mwetu.

Hata hivyo upande huu unaelemewa na ushahidi wa hapahapa Afrika Mashariki. Sam Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walilinganisha Salmonella waliotoka kwenye damu ya watoto wagonjwa na wale waliopatikana kwa jamaa zao, mifugo yao na mazingira ya nyumba zao. Waliofanana na wa watoto walikuwa zaidi wa jamaa kuliko wa wanyama. Kaskazini mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya bakteria zaidi ya 62,000 kwenye kaya 425 za Wamasai, Waarusha na Wachaga, pamoja na mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji. Matokeo yaliwashangaza wengi: haukuonekana ushahidi kwamba kaya zilizowapa mifugo dawa nyingi zaidi zilikuwa na bakteria sugu zaidi. Kilichofungamana na usugu ni mambo ya maisha yanayowahamisha bakteria kutoka kiumbe hadi kiumbe. Utafiti ule ulihusu zaidi E. coli wa vijijini, na hautoi ruhusa kwa mfugaji wa broila wa mjini kuendelea kumimina dawa kwenye maji ya kuku. Unachosema ni kwamba marufuku ya dawa pekee, mahali ambapo kinyesi kinazunguka baina ya mnyama, maji na kikombe, itazaa kidogo kuliko tunavyoahidiwa.

Wanaoanzia kwenye maji

Kwa Typhi, hoja ya maji ndiyo kongwe na ndiyo imara. Tofauti ya maisha ilionekana wazi pale watafiti walipofuatilia wakazi wa Kibera, mtaa wa Nairobi, na wa Lwak, kijijini magharibi mwa Kenya, kwa kipimo cha kuotesha damu. Kibera waligundua wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Lwak 29. Kampala mwaka 2015 ulizuka mlipuko uliotajwa kuwa na washukiwa zaidi ya 10,000, na uchunguzi ukaelekeza kwenye maji machafu na vinywaji vilivyouzwa mitaani.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Santiago, Chile. Jiji lile lilikuwa na maji safi ya bomba kwa karibu kila nyumba, bado taifodi ikatawala kwa miaka. Chanzo kilikuwa mboga za majani zilizomwagiliwa maji taka mabichi, zikaliwa bila kupikwa. Mwaka 1991, kwa hofu ya kipindupindu kilichokuwa kimeingia Amerika ya Kusini, serikali ilizuia umwagiliaji ule, na taifodi ikaporomoka mara moja. Anayeishi Dar es Salaam karibu na bonde la Msimbazi na kuona mchicha unavyomwagiliwa huko hahitaji kufafanuliwa zaidi. Lakini fundisho la Chile lina upande wa pili. Hatua ile ilikuwa ya haraka na ya gharama ndogo kwa sababu walijua Typhi anapitia wapi, na walijua kwa kuwa walikuwa wamechunguza. Bila ujuzi huo, "maji safi kwa wote" ni mradi wa vizazi viwili. Ni mradi wa haki, na hakuna anayepaswa kuupinga, ila mtoto wa miaka mitatu hawezi kuungoja.

Na kuna jambo ambalo maji hayalielezi. Muheza, mkoani Tanga, na Kilifi, pwani ya Kenya, madaktari waliona Salmonella wasio Typhi wakipungua kwenye damu ya watoto kadiri malaria ilivyopungua, bila bomba jipya kufunguliwa. Malaria hupasua chembe nyekundu za damu, na mabaki yake huvuruga askari weupe wanaopaswa kumuua Salmonella. Chandarua kimewaokoa watoto na ugonjwa ambao haumo kabisa kwenye malengo yaliyokifanya kigawiwe.

Wanaoitegemea chanjo

Chanjo mpya ya taifodi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa mwaka 2017, imeleta matumaini yenye msingi. Zilizotangulia zilikuwa dhaifu kwa watoto wachanga au zilidumu kwa muda mfupi. Hii hutolewa mara moja kuanzia miezi 9. Blantyre, Malawi, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 28,000 na ikapunguza taifodi iliyothibitishwa kwa asilimia 80.7, na baada ya miaka minne na zaidi kinga ilikuwa bado asilimia 78. Pakistani iliiweka kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2019, Liberia ikawa ya kwanza Afrika mwaka 2021, Malawi ikaianza mwaka 2023, na Kenya ikazindua kampeni ya nchi nzima Julai 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Nguvu ya chanjo ni kwamba haingoji bomba. Pia inapunguza dawa zinazomezwa, na hivyo kuchelewesha usugu. Udhaifu wake ni kwamba inamlenga Typhi pekee. Haimzuii Paratyphi, anayeleta paratifodi, wala Typhimurium na Enteritidis wanaoua watoto kwenye damu. Hapo ndipo ninapoona hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Mtoto aliyechanjwa atapata homa ya kitu kingine, kwa kuwa watoto hupata homa. Atapelekwa maabara, kipimo cha haraka kitaandika taifodi, na mama yake ataondoka na hitimisho la wazi: chanjo ni uongo. Chanjo itakuwa imefanya kazi yake, na kipimo kitakuwa kimeivunjia heshima.

Tone la damu kwenye kioo

Kipimo chenyewe kinaitwa Widal, kwa jina la daktari wa Paris aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili unaziacha baada ya kupambana. Damu ya mgonjwa huchanganywa na bakteria waliouawa, na chembe zikishikamana huhesabiwa kuwa jibu ni ndiyo. Kingamwili hizo zinaweza kuwa za taifodi ya miaka iliyopita, au za Salmonella mwingine mwenye vazi la nje linalofanana na la Typhi, na hata malaria huweza kuzichochea. Kwa utaratibu wake wa asili kipimo kilihitaji damu mara mbili, kwa kupishana siku kumi hivi, ili kuona kama kingamwili zimepanda. Siku hizi hufanywa mara moja, kwa dakika chache, na majibu yakawa hukumu.

Ubaya wake hauonekani mpaka upige hesabu. Kwenye hospitali ya wilaya ya Muheza watafiti walikipima Widal kwa watoto waliolazwa na homa, wakikilinganisha na kuotesha damu. Kilipata asilimia 75 ya wenye taifodi na kuwaacha huru kwa usahihi asilimia 98 ya wasio nayo. Ukisikia hivyo utasema ni kipimo kizuri. Sasa chukua watoto 1,000 wenye homa, ambapo 10 kati yao ndio wenye taifodi kweli. Kipimo kitawakamata saba au wanane. Katika wale 990 wasio nayo, asilimia mbili wataambiwa wanayo kimakosa, nao ni watoto 20. Kwa hiyo kati ya watoto 27 au 28 waliopewa karatasi ya taifodi, 20 hawana. Utafiti wenyewe ulipata kwamba majibu ya "ndiyo" yalikuwa sahihi kwa asilimia 26 tu. Na hiyo ilikuwa Widal iliyofanywa kwa uangalifu na watafiti, kwa mirija na kwa kuzimua damu hatua kwa hatua. Ya kwenye kioo, mahali penye haraka na foleni, haiwezi kutarajiwa kuipita.

Kwa nini basi watu wanakiamini? Kwa sababu homa nyingi hushuka zenyewe. Mgonjwa mwenye kirusi cha kupita anapewa sipro siku ya tatu, siku ya tano amepona, na yeye, daktari na mwenye duka la dawa wote wanashuhudia kwamba taifodi ilikuwepo na imetibiwa. Hakuna anayedanganya. Ushahidi wa macho ndio unaowapoteza, kama nguruwe wa mwaka 1885 walivyompoteza Theobald Smith.

Gharama ya kosa hilo haiishii kwenye fedha ya vidonge. Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa walichunguzwa kwa kina. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, na walioithibitishiwa walikuwa asilimia 1.6. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria kwenye damu, na miongoni mwa waliopimwa kwa magonjwa ya bakteria wanaotoka kwa wanyama, kama brusela, leptospira na homa ya Q, zaidi ya robo walikutwa nayo. Brusela inahitaji wiki sita za dawa mbili kwa pamoja. Siku saba za sipro haziwezi kuitibu. Mgonjwa wa namna hiyo anayeambiwa ana taifodi sugu hana taifodi kabisa, ana ugonjwa wa maziwa mabichi au wa kumzalisha ng'ombe ambao hakuna aliyeuuliza.

Kipimo cha kumtafuta bakteria mwenyewe ni kuotesha damu. Damu huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, huachwa kwenye joto la mwili kwa siku kadhaa, na akiota hutajwa kwa jina na kujaribiwa kwa dawa mojamoja. Faida yake haijaonekana popote kama ilivyoonekana Blantyre, ambako hospitali kuu ya Queen Elizabeth imekuwa ikiotesha damu ya wagonjwa kwa utaratibu tangu mwaka 1998. Kwa miaka 13 ya mwanzo Typhi alikuwa mgeni, wastani wa wagonjwa 14 kwa mwaka, na waliotamba ni Salmonella wengine. Mwaka 2011 wakawa 67, mwaka 2012 wakafika 186, na mwaka 2013 wakawa 843. Usugu kwa dawa nyingi ulipanda kutoka asilimia 7 hivi hadi 97. Jenomu zikaonyesha kwamba ni ukoo wa Typhi uitwao H58, uliotokea Asia na kupitia Afrika Mashariki. Bila chupa zile, Malawi ingeendelea kuandika "malaria na taifodi" kabla ya mlipuko, wakati wa mlipuko na baada yake, na hakuna ambaye angejua kwamba kuna kilichobadilika. Majaribio ya chanjo yalifanyika katika jiji hilohilo kwa sababu ushahidi ulikuwepo.

Mizani

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa kwa uzito wake. La kwanza ni kwamba kuotesha damu ni ghali, kunahitaji umeme usiokatika na mafundi waliobobea, na zahanati ya kijijini haiwezi. Ni kweli, na sipendekezi kila zahanati iwe nayo. Kinachohitajika ni hospitali za rufaa za mikoa na kaunti zifanye hivyo kila siku na kutoa taarifa, ili zahanati zilizo chini yake zijue ni bakteria gani anayetamba mwaka huu na dawa ipi bado inafanya kazi. Kilifi na Blantyre si Ulaya, nao wamefanya kwa zaidi ya miaka 20.

La pili ni kwamba hata kuotesha hukosea. Bakteria huota kwenye damu ya takriban asilimia 60 tu ya wagonjwa wa taifodi, na kiwango hicho hupungua zaidi ikiwa mtu ameshameza antibayotiki kabla ya kufika hospitali, jambo ambalo ni la kawaida. Hili ni zito. Lakini makosa hayo mawili hayalingani. Kuotesha kunapokosea kunawakosa baadhi ya wagonjwa wa kweli, na daktari bado ana akili yake na dalili mbele yake za kumtibu. Widal inapokosea inaunda wagonjwa wasiokuwepo, kwa maelfu, na kuufunga mlango wa kuuliza zaidi. Vilevile bakteria akiota huwa ameota, na jina la dawa ya kumuua linakuja pamoja naye.

La tatu linatoka moyoni mwa wahudumu wenyewe: mtoto anachomwa na homa, matokeo ni ya kesho kutwa, je nimwache? Hapana. Mtoto mwenye dalili za hatari atibiwe saa ileile kwa dawa ya sindano inayofaa, damu ikiwa imeshachukuliwa kabla. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini pale vilitokea kwa waliofika wakiwa na bakteria kwenye damu, kwa hiyo kusubiri ni kuua. Ninachokataa ni kuwatibu kwa namna hiyo watu wazima wanaotembea wenyewe, kwa uchovu na maumivu ya viungo, kwa sababu tu chembe zimeshikamana kwenye kioo.

Nikizipima pande zote, naiweka chanjo mbele kwa Typhi, kwa sababu inafanya kazi leo na inawafikia watoto ambao bomba litawachelewa. Maji na maji taka yanafuata bega kwa bega, na mahali pa kuanzia ni njia mahususi zilizochunguzwa, kama mboga za mabondeni na vinywaji vya mitaani, kabla ya miradi mikubwa ya mabomba. Bandani, dawa ziuzwe kwa cheti cha mtaalamu wa mifugo na siku za kungoja ziheshimiwe, huku tukikubali kwamba damu ya watoto wetu haitasafishwa na hatua hiyo pekee. Kwa Salmonella wasio Typhi, ambao hawana chanjo iliyoruhusiwa, kinga iliyopo ni kuzuia malaria, kulisha watoto vizuri na kuwapa wenye VVU dawa zao. Na haraka ipo, kwani mwaka 2019 ulitangazwa ukoo mdogo wa ST313 nchini Kongo ambao umekuwa sugu hata kwa seftriaksoni na azithromisini.

Lakini hakuna hata moja kati ya hayo litakalojulikana kama limefaulu wakati kipimo cha mwaka 1896 ndicho kinachohesabu wagonjwa. Wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda ziondoe Widal ya mara moja kama msingi wa kutoa dawa, na fedha inayotumika humo ipelekwe kwenye chupa za kuotesha za hospitali za rufaa. Na wewe msomaji, ukiambiwa una taifodi kwa tone la damu kwenye kioo, usijiamulie mwenyewe kuacha dawa aliyokuandikia daktari. Lakini safari nyingine homa ikikushika, kabla hujameza kidonge cha kwanza, uliza ni hospitali gani iliyo karibu nawe inayootesha damu.